Mahari Yangu Nailisha Mwenyewe

Agosti 3

Nimehamia bomani leo. Baba Sethunya alinishusha na godoro, sufuria mbili na redio, akasema, "Mama Sethunya, huku utapumzika." Nikamtazama mpaka akajitafutia kazi ya kufanya kwenye injini ya gari.

Niandike jambo lilivyo, maana nikilikalia kimya litanipasua. Binti yetu Sethunya anaolewa Desemba na kijana wa Kanye. Ila kwetu baba hapokei mahari ya binti kabla hajatoa ya mama yake, na Keoagile, mume wangu, hajapeleka nyumbani kwetu hata kwato moja tangu tuanze kuishi pamoja. Kila mwaka na sababu yake: mara ukame, mara ugonjwa wa miguu na midomo, mara "shemeji si mtu wa haraka". Julai wazee walikaa wakakubaliana. Kaka yangu Othusitse akaja hapa, akawachagua ng'ombe wanane kwa fimbo yake, mmoja mmoja, kama anachagua nyanya sokoni. Waingie zizini kwa marehemu baba yetu kabla ya jua kuchomoza, Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Waje kwa miguu yao, si kwa lori. Na wasiwe saba wala tisa, maana mahari yetu haipokewi kwa namba witiri.

Bila wao, Sethunya haolewi. Na mvua haitarajiwi kabla ya Novemba.

Keoagile anachimba visima vya watu wiki nzima, hurudi Ijumaa. Kwa hiyo anayebaki kuwalisha ni mimi. Nimefunga cherehani yangu, nimekuja kulisha mahari yangu mwenyewe. Mwanamke gani amewahi?

Agosti 4

Upepo kutwa. Mchanga mpaka kwenye uji.

Agosti 9

Nyasi zimekuwa rangi ya kamba kuukuu. Ng'ombe wanakula kutwa, tumbo linajaa, na bado wanakonda, kwa sababu nyasi za kiangazi hazina tofauti na mkeka. Kwenye mafunzo ya wafugaji tulielezwa vizuri: ndani ya ng'ombe kuna vijidudu vinavyomsagia chakula, na vijidudu navyo vinataka kulishwa. Ndiyo kazi ya urea. Unaichanganya kidogo sana na chumvi nyingi, molasi, pumba na unga wa mifupa. Chumvi ndiyo breki, ng'ombe akilamba anatosheka haraka akaenda zake. Urea kidogo ni dawa, ikizidi ni jeneza.

Wiki ya kwanza nimewapa bila urea. Leo nimetia ya kuonja tu, ili matumbo yazoee.

Keoagile amepasua mapipa mawili kwa urefu, tumepata hori nne. Akatoboa matundu chini.

"Matundu ya nini tena?" nikamuuliza.

"Ya kutolea maji ya mvua, mke wangu."

Tukatazama juu, wote wawili, tukacheka. Anga lilikuwa limekauka kama sisi.

Agosti 17

Nimemkuta Khunwana, yule jike mwekundu, anatafuna mfupa wa ng'ombe aliyekufa mwaka juzi. Anauzungusha mdomoni kwa raha kama mzee na kiko. Ni njaa ya madini hiyo, na mizoga ina sumu inayomlegeza ng'ombe miguu mpaka hasimami tena. Nimemfukuza, nimezunguka porini kuokota mifupa na kuichoma. Nimeongeza unga wa mifupa kwenye hori. Mgongo unaniuma.

Agosti 21

Molasi inavuja! Nimeinama chini ya hori asubuhi nikakuta sisimizi wanafanya karamu. Molasi niliyopangia foleni huko Molepolole tangu alfajiri inanyweshwa mchanga. Nimeziba matundu yote kwa vitambaa nilivyochovya kwenye lami. Kazi safi, hakuna tone linalotoka. Baba Sethunya angeniacha nimsubiri mpaka Ijumaa.

Agosti 30

Hakuna jipya. Nimetembea kuzunguka zizi mara ngapi sijui. Siwezi kukaa.

Septemba 6

Jambo linalonikera zaidi ni wale wengine. Tunao ishirini na kitu, ila chakula cha hori kinatosha wanane tu, kwa hiyo wanane wana zizi lao. Wengine wanaganda kwenye uzio wakati wa kulisha, pua zimepenya kwenye matawi ya miiba, wanavuta harufu ya molasi. Kuna jike mzee aliyetuzalia karibu nusu ya boma hili. Yeye halii, ananitazama tu. Nimemrushia maganda ya mgunga kwa siri. Kwa siri ya nani, na bomani niko peke yangu?

Septemba 14

Othusitse amekuja kukagua. Kofia, koti, fimbo, kama anakwenda barazani kwa chifu. Hakusalimia vizuri, akaingia zizini moja kwa moja, akaanza kupapasa mbavu na mizizi ya mikia.

"Huyu, dada," akasema akigonga ubavu wa Phatshwana, mtamba mweusi mwenye mabaka meupe, "huyu ukimpiga vidole anatoa muziki."

"Basi cheza, kaka. Sisi tumezoea kukuchezea."

"Sitaki mahari ya kubebwa kwa machela. Watu wa kijiji watasema Gaboipolelwe amelipiwa mifupa."

"Watu wa kijiji waje wabebe gunia moja la pumba, halafu waseme."

Keoagile alikuwapo, maana ni Jumamosi. Alisimama nyuma yangu akiishika kofia yake kwa mikono miwili. "Watafika, shemeji," akasema. "Mungu akipenda."

"Mungu anapenda tangu zamani," Othusitse akamjibu. "Wewe ndiye tuliyekuwa tunakungoja."

Akanywa maziwa mgando yangu bakuli zima, akaondoka. Nilikuwa nimekasirika, na sijui nilimkasirikia nani zaidi, yule anayedai au huyu anayeinamisha kichwa. Nilimwambia Keoagile, "Hata kumjibu huwezi?" Akasema, "Anachosema ni kweli, mama." Akaenda kukata miiba ya uzio.

Septemba 15

Simsemeshi.

Septemba 27

Joto limeanza. Wanane wameanza kung'aa manyoya kidogo. Phatshwana mbavu zake zinapotea. Khunwana ndiye tatizo, anapiga wenzake pembe horini, anakula mara mbili. Keoagile anamwita Malkia na kumkuna shingo. Mwanamume akimpenda mkorofi basi.

Oktoba 5

Mawingu. Yamekaa kutwa, jioni yameondoka.

Oktoba 6

Mawingu tena. Waongo.

Oktoba 12

Tumegombana na Keoagile kuhusu wale wengine. Watatu hawanyanyuki tena mpaka tuwainue kwa mkia na bega. Nikasema tugawanye chakula, akasema tukigawanya tutapoteza wote. Ana haki, na ndiyo maana nilipiga kelele zaidi.

"Kwa hiyo mimi nina thamani kuliko huyu mama aliyetuzalia boma?" nikamwambia nikimwonyesha yule jike mzee.

"Kwangu, ndiyo," akasema.

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Oktoba 13

Alfajiri nimemkuta amelala pale kwenye zizi la wale dhaifu, amempa jike mzee mgongo wake aegemee. Alikuwa amemwinua yeye peke yake. Mtu wa kimya anachosha sana kuishi naye, kwa sababu unamjua kwa kumkuta tu.

Oktoba 26

Tumekwenda na gari kuokota maganda ya mgunga mbali kule kwenye mto mkavu. Magunia sita. Ndiyo chakula cha wale wengine sasa. Wanatafuna kwa kishindo, unaweza kuwasikia kutoka jikoni.

Oktoba 30

Sethunya kapiga simu. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, na huko nimesimama kama mnara.

"Mama, mashangazi wa Kanye wanauliza kama tarehe ni ileile."

"Waambie ni ileile."

"Na ng'ombe?"

"Wanakula kuliko mimi."

Akacheka, kisha akashusha sauti. "Mama, kama haitawezekana, tutaishi tu hivihivi kama nyie. Sio mwisho wa dunia."

Nimeshuka kwenye kichuguu nikiwa na hasira ya ajabu. Hivihivi kama nyie! Sikuwahi kujua kama naona aibu mpaka nilipoisikia kwenye mdomo wa mtoto wangu. Mwanangu hatakaa nyumba ambayo kila mwaka ina sababu yake.

Novemba 2

Joto. Kichwa. Hakuna.

Novemba 6

Keoagile amechukua likizo mpaka arusi. Ameleta vitu vya sherehe tuhifadhi huku mbali na panya wa kijijini: mchele, sukari, dumu la siki kwa ajili ya kachumbari ya viazi vyekundu. Amekagua ng'ombe akasema, "Wametengenezeka, Mama Sethunya. Mkono wako huu." Nikamwambia aniondolee maneno matamu, nina kazi. Nilifurahi lakini.

Novemba 9

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Mchana upepo ulikufa. Mawingu yalitoka kusini, meusi chini. Nilikuwa nasonga ugali wa mtama. Nilisikia harufu kwanza, ile ya vumbi lililoguswa, kisha tone likagonga bati, jingine, halafu yote yakashuka kwa pamoja.

Kwetu mtu haikimbii mvua. Ukiikimbia umeitukana, itakwenda kwa wengine. Keoagile alivua kofia akasimama katikati ya uwanja, mikono wazi, akiita mvua kwa lugha yetu, "Pula! Pula!" Nami nikaacha mwiko, nikatoka, nikasimama pembeni yake nikipiga vigelegele. Nguo zilinishika mwilini, maji yalinitiririka machoni, nikacheka kama kichaa. Alinishika mkono. Hatukuwa tumeshikana mikono tangu mwaka gani sijui. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikawa manyunyu, na hata hapo hatukuondoka, tulikuwa tunazungumza juu ya Sethunya alipokuwa mdogo.

Khunwana ndiye niliyemsikia. Mngurumo, si sauti ya ng'ombe mwenye furaha. Tulipofika alikuwa anatetemeka ngozi yote, povu mdomoni, tumbo upande wa kushoto limejaa kama ngoma. Akapiga hatua mbili za mlevi, akaanguka, akapiga miguu, akanyamaza. Phatshwana naye alikuwa ameshapiga magoti.

Nikatazama hori. Zilikuwa zimejaa maji ya mvua, rangi ya chai. Na wanane wangu, ambao hawajaona maji matamu tangu Machi, walikuwa wameyanywa. Urea yote iliyeyuka mle. Nilijua kabla sijafika.

"Wewe!" nilimpigia kelele Keoagile. "Umesimama kama mti unaita pula, hori hukumwaga!"

Aliinama chini ya hori ya kwanza, akaingiza kidole, akavuta. Kitambaa changu kikatoka, kile nilichochana kwenye gauni langu la bluu, kikiwa na lami, na maji yakaanza kumwagika kwenye miguu yake. Alikitazama. Kisha akakitia mfukoni, akaenda hori ya pili.

Sijui nilisimama muda gani. Kilichonishtua ni kukumbuka siki. Walitufundisha: siki na maji baridi mengi, haraka. Nilikimbia jikoni nikaleta lile dumu la kachumbari. Keoagile alishika vichwa, mimi nilimimina kwa chupa kwenye pembe ya mdomo, mmoja baada ya mwingine, waliokuwa wanatetemeka na ambao hawajatetemeka. Mmoja alinikanyaga mguu, sikuhisi. Phatshwana alimeza nusu chupa. Kichwa chake kikawa kizito mikononi mwa Keoagile, na akamlaza chini taratibu.

Wawili wamekufa. Sita wanasimama.

Maji yakimwagika hayazoleki. Yangu mimi hayakumwagika, ndiyo kisa.

Novemba 10

Amewachuna. Nilitaka tuwafukie hivyohivyo, nisione tena, akasema ngozi haitupwi. Amezitandaza kwa chumvi, nyekundu na ya mabaka. Nyama tumeizika kwa kina, na mawe juu. Amezibua matundu yote. Kitambaa sijakiona tena.

Nimemwambia, "Niseme nini?"

"Kula kwanza," akasema.

Mvua inanyesha. Nimeipigia kelele mpaka sauti imekauka.

Novemba 13

Wengine wanakimbilia kila jani la kijani, wanakwenda mbali kwa kipande kidogo, wanarudi wanaharisha. Watu hudhani mvua ikija kazi ya kulisha imekwisha. Sasa ndiyo unga wa mifupa unatakiwa, maana majani mapya yanamkuza ng'ombe na mifupa yake haiko tayari. Nimechanganya chumvi na unga wa mifupa, bila urea. Nachanganya kwa sababu mikono haitaki kutulia. Sita ni namba shufwa, lakini si nane. Othusitse alisema nane, na hajawahi kurudisha neno lake tangu tukiwa watoto.

Wale wengine bado ni mifupa, safari ya miguu haiwafai, ila ninaye mtamba wangu, nilimnunua kwa pesa za cherehani. Yule jike mzee anaweza kutembea akisaidiwa. Hao wangetimiza wanane. Nimemweleza Keoagile. Nimeona uso wake unabadilika.

"Hapana. Mtu hajilipii mahari, Gaboi. Afadhali niende kwa kaka yako na sita, anitemee mate."

Sikumbuki mara ya mwisho alipokataa kitu nilichosema.

Novemba 16

Habari zilimfikia Othusitse kabla hatujampelekea. Amekuja na kofia, koti la mvua na fimbo ileile. Alikwenda kwanza kwa wale sita akapapasa mbavu. Kisha akasimama mbele ya zile ngozi mbili zilizotundikwa.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, shemeji," Keoagile akasema. "Nilikuwa uwanjani, nikafurahia mvua. Sikumwaga hori. Kosa langu."

Alisema bila kunitazama. Na ningeweza kunyamaza. Kaka yangu amemdharau huyu mtu miaka yote, dharau moja zaidi isingemzidishia uzito, na nilikuwa nimechoka. Lakini nilikuwa nimemwona akikitia kile kitambaa mfukoni.

"Mwongo," nikasema. "Matundu niliyaziba mimi, kaka. Kwa mikono yangu. Niliionea uchungu molasi. Yeye aliyatoboa, mimi nikaziba, na kwenye mvua tulikuwa wawili."

Othusitse alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia. Kichwani amepata mvi, na mimi nilikuwa sijui.

"Mafisa mnaijua," akasema mwishowe.

Nani asiyeijua? Unampa mtu ng'ombe wako akufugie, yeye anakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wako.

"Ng'ombe wa mafisa akifa, mchungaji anamletea mwenyewe nini?"

"Ngozi," Keoagile akajibu.

"Na analipa?"

"Halipi, shemeji. Labda awe amedanganya."

"Julai nilinyoosha fimbo yangu juu ya hao wanane, na wazee wakaona. Tangu siku ile ni ng'ombe wangu. Walikuwa hapa mafisa kwa dada yangu. Wawili wangu wamekufa, mchungaji ameniambia ukweli." Akanyanyuka, akapangusa suruali. "Ngozi zangu mniletee. Jumamosi ileile. Na mniletee kwa miguu, si kwa lori."

Nilitaka kumshukuru, akaniwahi. "Usianze. Una maziwa mgando?"

Nilimpa bakuli mbili. Nilikuwa natazama mikono yake akinywa, na nikaona hakuwahi kuja hapa kuhesabu mifupa yangu. Alikuwa anaogopa wasifike, kama mimi. Alikuwa anaona aibu yangu kabla yangu.

Novemba 22

Mvua nzuri. Sita wanang'aa.

Novemba 29

Jike mzee amesimama mwenyewe. Nimempigia makofi.

Desemba 5

Niko nyumbani kwetu kijijini. Keoagile na wapwa zake wameanza safari ya miguu. Nimeshona koti lake kifungo kilichokatika. Sijui kwa nini moyo haukai, maana kila kitu kimeshasemwa. Nimekwenda mlangoni, nimerudi. Shangazi Boitshepo, dada wa baba, ameniambia nikae, nitachimba shimo kwenye sakafu.

Desemba 7

Walinikalisha kwenye mkeka kabla ya kupambazuka, blanketi mpaka usoni. "Mwali hatazami mahari yake," shangazi akasema. Mwali wa miaka hamsini. Sethunya alikaa karibu yangu. Manyunyu yalikuwa yanashuka.

Nilisikia kwato kwanza. Matope yanavyozivuta na kuziachia. Wanawake walianza kupiga vigelegele, na mimi nikafunua blanketi kidogo, nani angeniacha nisitazame? Waliingia mmoja mmoja, wamenona, wanatembea vizuri. Othusitse alisimama langoni akihesabu kwa sauti, kijiji kizima kisikie. Moja. Mbili. Mpaka sita.

Kisha lango likabaki tupu, na vigelegele vikafa. Watu walitazamana. Mtu mmoja nyuma alicheka.

Keoagile akaja wa mwisho. Alikuwa amebeba zile ngozi mbili kichwani zimekunjwa, kavu, nzito, anashika kwa mikono yote miwili kama mwanamke aliyetoka kutafuta kuni. Maji yalimtiririka usoni. Amezibeba hivyo njia yote. Alisimama mbele ya kaka yangu na hakuinamisha kichwa, hata angetaka asingeweza.

Othusitse aliinua fimbo akagusa ya juu, ile nyekundu. "Saba." Akagusa ya mabaka. "Nane."

Halafu shangazi Boitshepo, ambaye miaka yote alikuwa akimwita mume wangu "yule anayekaa na Gaboi", alisimama na magoti yake mabovu, akatoa kigelegele kirefu kuliko vyote. Na uwanja mzima ukamfuata.

"Mama, unalia?" Sethunya akaninong'oneza.

Nikamwambia ndiyo, nalia, na aende akampokee baba yake ule mzigo, shingo itamvunjika.